Aliye Chini ya Mteremko

Neno letu la leo pengine hamkulitarajia: namna ya kuegesha gari mahali penye mteremko mkali.

Twajua wengine wameanza kungoja tuseme kwamba maisha ni mteremko na imani ni breki. Hatutasema hivyo. Twataka kunena juu ya gari lenyewe, lenye magurudumu manne, na juu ya mtu yule aliye chini yake mlimani, ambaye mwenye gari wala hamjui.

Nchi yetu ina vilima vingi. Panda kutoka Mwatate hadi Wundanyi huko Taita, au zunguka migongo ya Murang'a, utaona jinsi nyumba, maduka, shule na makanisa yalivyoshikilia ubavu wa mlima. Siku ya Jumapili magari huegeshwa kando ya njia, na pengine watoto wa Shule ya Jumapili wameketi kivulini, upande wa chini. Katika saa hiyo kila gari lililosimama huko juu ni mzigo juu ya vichwa vyao.

Na tuupime mzigo huo. Gari dogo la kawaida lina uzito wa kilo 1,200 hivi. Likisimama penye mteremko unaopanda mita 1 kwa kila mita 6, nguvu inayolivuta kushuka ni kama uzito wa kilo 200. Hayo ni zaidi ya magunia mawili ya mahindi ya kilo 90. Na magunia hayo hayapumziki. Yanavuta wakati wa sala, yanavuta wakati wa mahubiri, yanavuta wakati mwenye gari anaposalimiana na wenzake baada ya ibada.

Ni nini kiyazuiayo? Katika magari mengi ni breki ya mkono peke yake, nayo huvutwa kwa waya. Waya huo hulegea kwa miaka, na sehemu zinazokaba gurudumu huisha kwa kusuguana. Tena kuna magari ambayo breki zake za nyuma hukaba sahani ya chuma. Sahani hiyo ikipata moto kwa kushuka mlima, hutanuka. Ikiisha kupoa, hunywea, na mkabo hulegea kidogo. Ndiyo maana gari lililokwisha kutulia kwa muda laweza kuondoka lenyewe, bila kuguswa na mtu.

Likiisha kuondoka, watu husema, “Ajali haina kinga.” Ndugu zetu, methali hiyo ina mahali pake, lakini hapa si mahali pake. Ajali hii inayo kinga, na sehemu moja ya kinga hiyo ni jiwe la bure lililolala kando ya njia. Wengine husema, “Mungu atalinda.” Ni kweli, Mungu hulinda. Lakini mwakumbuka kwamba Bwana wetu, aliposimamishwa juu ya kinara cha hekalu, alikataa kujitupa chini ili kumjaribu Mungu. Mtu aachaye gari mlimani kwa breki mbovu, kisha akasema Mungu atalinda, anamtupa mtoto wa mwenzake badala ya kujitupa mwenyewe.

Basi na tufanyeje? Kwanza, tutafute mahali palipo sawa, hata kama itatubidi kutembea hatua mia mbili. Mguu haudhuriki kwa kutembea. Kama hakuna mahali sawa, tusimamishe gari upande wetu wa kushoto na kugeuza magurudumu ya mbele. Gari likitazama chini, tuyageuze kuelekea ukingo, yaani kushoto. Likitazama juu, na ukingo wa saruji ukiwapo, tuyageuze kulia, kisha tuliache lirudi polepole mpaka gurudumu la mbele liguse ukingo na kutulia hapo. Pasipo ukingo, tuyageuze kushoto katika hali zote mbili, ili gari likiponyoka liende kwenye ubavu wa mlima, lisivuke barabara. Lakini kama kushoto ni bonde, hapo si mahali pa kuegesha, tuendelee mbele.

Pili, tuvute breki ya mkono barabara huku mguu ungali juu ya breki, kisha tuondoe mguu taratibu na kuona kama gari limetulia. Ndipo tuzime injini na kuliacha ndani ya gia: gia ya kwanza kama linatazama juu, gia ya kurudi nyuma kama linatazama chini. Magari mengi ya siku hizi hubadili gia yenyewe. Kwa hayo, twende kwanza kwenye gia huru, tuvute breki ya mkono, tuliache gari lilale juu ya breki hiyo, na ndipo tuweke kwenye alama ya P. Tukiweka P kwanza, uzito wote utakilemea kipande kidogo cha chuma kilichomo ndani ya gia.

Tatu, jiwe kubwa au kabari ya mti iwekwe upande wa chini wa gurudumu, na mbili ni bora kuliko moja. Awekaye asimame ubavuni, wala asikae katika njia ya gari. Mtoto asiachwe ndani. Mkono mdogo waweza kuifungua breki. Nanyi vijana wa bodaboda, pikipiki ielekezwe juu, iachwe ndani ya gia ya kwanza, isije ikasukumwa mbele na mteremko na kukiangusha kile kiguu chake.

Na kama gari limekwisha kuponyoka, tupige kelele watu wakimbie. Mtu asijaribu kulizuia kwa kifua chake. Gari hununuliwa tena.

Labda mama mmoja anayetusikiliza anasema, “Haya ni mambo ya madereva, yahusu nini kipindi cha Neno la Mungu?” Fungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8. Hapo Mwisraeli anayejenga nyumba mpya anaagizwa kuzungusha ukuta mdogo juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Siku zile watu walikaa na hata kulala juu ya dari zao. Mungu hakungoja mtu aanguke ndipo amhukumu mwenye nyumba. Alimdai ukuta kabla hajapanda mgeni hata mmoja. Kumpenda jirani kulianza kwa mawe na udongo, siku ya ujenzi, wakati jirani mwenyewe hajafika.

Hivi ndivyo ilivyo kwa gari mlimani. Aliye chini hakutuona tukigeuza magurudumu. Hatatushukuru, maana hatajua kwamba aliepushwa na jambo lolote. Atapita na ndoo yake ya maji, ataimba, ataenda zake. Twapaswa kuridhika na hilo.

Limebaki jambo moja, nalo ni wakati wa kuondoka. Mara nyingi dereva au utingo huweka jiwe kwa uangalifu mkubwa, kisha huondoka na kuliacha jiwe katikati ya njia. Usiku mwenye pikipiki au baiskeli huja akakutana nalo gizani. Kwa jiwe lile lile tumemwokoa mmoja na kumwumiza mwingine. Basi mmoja aketi ndani na kukanyaga breki, mwingine aliondoe jiwe akiwa ubavuni, alitupe mbali kabisa na njia. Na anayewasha gari lililo ndani ya gia akanyage klachi kwanza, lisije likaruka.

Tungependa kila kanisa lililo kilimani limchague mzee mmoja ambaye, kabla ya wimbo wa kwanza, atazunguka na kuyatazama magari yote, na kuona kwamba hakuna mtoto anayecheza upande wa chini. Akikosa nusu ya wimbo, hatakuwa amekosa ibada.

Bwana awape safari njema na vituo vilivyo salama. Amina.