Maneno juu ya bunduki ya kalibri 12 inayojitia kartushi, na vyuma vinavyobadilishwa ndani yake



Leo tutasema juu ya bunduki. Labda mtu atauliza: Sisi tumeitwa kusikia habari za mahindi na mihogo, bunduki inaingia namna gani? Inaingia sababu nguruwe wa pori na nyani hawangoji mavuno. Shamba la mihogo ambalo mama amelitunza mwaka mzima, kundi la nguruwe linaweza kuliharibu kwa usiku mmoja. Kwa hiyo katika kijiji iko bunduki moja, pengine mbili, na watu wote wanaitegemea. Mwenye bunduki awe na kibali, ndivyo sheria ya silaha ya mwaka 1985 inavyotaka, na juu ya hilo sitaongeza neno.

Bunduki ile mara nyingi ni ya zamani. Baba alimwachia mtoto. Vyuma vyake vimechoka. Na sisi tunakaa karibu na migodi, mahali ambapo vyuma vimetupwa huku na huku: mabomba, resori, visi, vipande vya mashini. Fundi anatazama chuma kilichochoka, anatazama lundo lile, anachagua kimoja, anakipiga tupa, kinaingia. Watu wanafurahi. Lakini sikilizeni: katika bunduki, chuma kinachokataa kuingia hakimdhuru mtu. Kinachokata vidole na kupofusha macho ni kile kilichoingia vizuri, nacho si mahali pake.

Sisemi juu ya gobori, ile inayojazwa baruti kwa mdomo. Nasema juu ya bunduki ya kalibri 12 inayojitia kartushi yenyewe, ile yenye mgongo uliosimama kama ukuta nyuma ya sanduku lake. Aliyeibuni ni Mmarekani, John Moses Browning, mwaka 1898. Kiwanda cha kwao hakikupatana naye juu ya malipo, naye mwaka 1902 akavuka bahari akaenda Ubelgiji, katika kiwanda cha Fabrique Nationale pale Herstal, karibu na mji wa Liège. Wakaifanya pale miaka mingi, baadaye ikafanywa Japani, hata mwaka 1998 kazi ile ikakoma. Browning mwenyewe alikufa mwaka 1926 katika kiwanda kilekile. Jina lake Auto-5, maana inabeba kartushi 5: moja ndani ya mtutu na 4 katika bomba lililo chini ya mtutu.

Bunduki zaidi ya milioni 2 za namna hii zilifanywa. Kwa hiyo msishangae mkiona vyuma vyake vya zamani vinauzwa. Lakini chuma kilichotoka katika bunduki moja ya Auto-5 hakifai daima katika nyingine, maana katika miaka ile yote walibadili mambo madogo ambayo jicho halioni.

Sasa tutazame namna inavyofanya kazi, sababu mtu asiyejua kazi ya chuma atakibadilisha kama kipofu. Bunduki nyingine, mtutu umekazwa na hausogei. Katika hii mtutu unasogea. Ukipiga, mtutu na komeo vimeshikana, vinarudi nyuma pamoja mpaka mwisho. Pale komeo linashikwa, linabaki. Mtutu unarudi mbele peke yake, na ganda la kartushi linabaki nyuma, linatupwa nje. Kisha komeo linakwenda mbele na kartushi mpya. Mambo haya yote yanapita kwa nguvu ya pigo lile moja, kabla hujafumba jicho.

Kitu gani kinauzuia mtutu usipige sanduku kwa nguvu kama nyundo? Viko vitu vitatu, vyote vimevaa bomba la kartushi, chini ya ubao wa mbele. Cha kwanza ni resori kubwa. Cha pili ni kipande cha bronzi, ndiyo shaba iliyochanganywa na bati, kimepasuliwa ubavuni ili kiweze kubana. Cha tatu ni pete ya chuma, upande wake mmoja ni bapa, upande mwingine umechongwa shimo kama kisahani. Mtutu ukirudi nyuma, pete yake unasukuma bronzi, na bronzi inabana bomba. Ni breki, kama breki ya baisikeli inayobana gurudumu.

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu bunduki nzuri. Pete ile ya chuma ina mahali pawili. Ukipiga kartushi zenye nguvu, pete ikae mbele ya resori, upande wenye kisahani utazame bronzi. Hivyo bronzi inabanwa mbele na nyuma, breki inakuwa kali. Ukipiga kartushi nyepesi, pete iondolewe pale, iwekwe nyuma kabisa, kati ya resori na sanduku, na bronzi ikae juu ya resori yenyewe. Breki inakuwa laini, na pigo dogo linatosha kusukuma mtutu.

Mtu anapata bunduki yenye pete nyuma, hajui. Ananunua kartushi za nguruwe, zenye risasi kubwa na baruti nyingi. Anapiga. Bunduki inafanya kazi vizuri sana, ganda linaruka mbali, naye anasifu. Lakini kila pigo mtutu unagonga sanduku. Baada ya siku ubao wa mbele unapasuka, kisha vyuma vya ndani vinavunjika kimoja kimoja. Mwingine anaweka pete mbele kwa kartushi nyepesi: ganda linakwama mlangoni. Huyu anasema bunduki imekufa, anaipeleka kwa fundi, fundi anakata resori. Wote wawili walihitaji kuhamisha pete tu.

Tena pete ile mara nyingi imepotea. Mtu aliisafisha bunduki, pete ikaanguka, hakuirudisha, na bunduki ikaendelea kupiga. Fundi akitaka kufanya pete nyingine kwa kipande cha bomba, mteremko wa kile kisahani usipolingana na wa bronzi, pete inashika upande mmoja tu na kuikwaruza bronzi. Inafaa pete ya kiwanda, ya kalibri ileile. Ya kalibri 16 ni nyembamba, hiyo haitaingia, nayo si hatari. Kumbukeni nilivyosema.

Resori kubwa nayo inachoka. Ukiitoa, ilinganishe na mpya: iliyochoka imekuwa fupi. Usiivute kwa mikono kuirefusha, maana itarudi kuwa fupi katika siku chache. Wala usitie resori ya mashini ya mgodi kwa kuwa unene wake ni sawasawa. Resori ngumu mno inauzuia mtutu kufika nyuma, laini mno inauacha ugonge. Tena nimeona watu wanaoitia moto ili kuinyoosha. Chuma cha resori kikipata moto mpaka kiwe chekundu, kikapoa taratibu, ugumu wake umekwisha, kimekuwa waya wa kufungia kuni.

Juu ya mafuta, machache. Bomba lipanguswe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Wengine wanalimiminia kama kikaango. Bronzi inateleza, breki inaisha, na mtutu unagonga kama vile pete haiko.

Sasa mtutu wenyewe, na hapa nawaomba vijana wasikilize. Kartushi ya kawaida ya kalibri 12 inaruhusiwa kufikisha nguvu ya bar 740 ndani ya mtutu. Mnajua gurudumu la kamioni: linajazwa hewa mpaka bar 7 au 8, nalo likipasuka linaweza kumwua mtu aliye karibu. Hesabuni wenyewe. Kwa sababu hiyo, nchini Ubelgiji hawaiuzi bunduki mpaka imepelekwa Liège, katika nyumba ya kupima silaha iliyoanzishwa mwaka 1672. Wanaipiga kwa kartushi yenye nguvu kupita ya kawaida. Ikivumilia, wanaigonga chapa. Tafuteni chapa hizo juu ya mtutu: herufi ELG ndani ya duara refu kama yai, na simba aliye juu ya herufi PV. Simba huyo maana yake mtutu umepimwa kwa baruti isiyo na moshi, ndiyo baruti ya kartushi za sasa. Bomba la maji la mgodi halina simba. Hata likiwa nene kama mkono, lilifanywa kubeba maji, na mshono wake wa ubavuni utafunguka siku usiyoijua.

Na mtutu wa bunduki nyingine ya namna ileile? Unaingia, ndiyo. Nyuma ya mtutu uko mkia wenye tundu, na ndani ya tundu lile kinapanda kipande cha chuma cha komeo, kinafunga kama ufunguo. Kufunga kule ndiko kunakozuia moto usikurudie usoni. Tundu likiwa limelika, au halikufanywa kwa komeo lile, nafasi inabaki nyuma ya kartushi. Utaiona juu ya ganda: kitako cha shaba kimevimba, au kimechanika, au kibiriti chake kimetoka nje. Ukiona hivyo, usipige tena hata kartushi moja. Mtutu mgeni upimwe na fundi wa bunduki mwenye vipimo, si kwa jicho.

Liko na jambo la urefu. Mitutu mingi ya zamani, chumba cha kartushi ni milimetri 65. Kartushi nyingi zinazouzwa leo ni za milimetri 70. Mtu atasema: Niliijaribu, inaingia bila shida. Ni kweli inaingia, maana ile 70 ni urefu wa kartushi iliyokwisha kufunguka. Kabla ya kupigwa, mdomo wake umekunjwa, ni fupi. Ukipiga, mdomo unafunguka, unakosa nafasi, unaziba njia ya risasi, na nguvu inapanda ndani. Basi someni namba juu ya mtutu, na namba juu ya sanduku la kartushi. Mtutu usio na namba apimiwe mwenyewe na fundi kabla hajanunua kitu.

Na kartushi ya kalibri 20 isilale katika mfuko mmoja na ya kalibri 12, hata usiku mmoja. Namba 20 ni ndogo kuliko 12, wengine hawajui. Ikitiwa katika mtutu wa 12, inateleza inapita chumba, inakwama mbele yake. Ukiangalia haraka, chumba ni kitupu. Unatia ya 12 nyuma yake, unapiga, mtutu unapasuka pale ambapo mkono wako wa kushoto umeshika. Viwanda vingi vinaipaka kartushi ya 20 rangi ya manjano kwa ajili ya jambo hilo.

Sasa kazi ya mikono. Kwanza toa kartushi zote. Usitazame mtutu tu, tazama na bomba la chini, tia kidole, maana ukilivuta komeo na kuliachia, kartushi ya bomba inapanda yenyewe. Watoto wakae mbali. Simamisha kitako chini, sukuma mtutu kidogo kwenda chini kwa mkono mmoja, na kwa mwingine fungua kofia iliyo mbele ya bomba. Uso wako usiwe juu ya mdomo wa mtutu, sababu resori inasukuma. Usipoushika, utaruka. Ubao unatoka, mtutu unatoka, na vile vitu vitatu viko mbele yako. Viweke juu ya kitambaa kwa mpango uliovikuta.

Visi za sanduku, kila kubwa ina ndogo kando yake inayoifunga. Toa ndogo kwanza. Na turnavisi ijaze mfereji wa visi sawasawa. Nimeona bunduki ambazo visi zake zimekuwa mashimo ya duara kwa kazi ya kisu cha jikoni, na tangu siku ile hakuna anayeweza kuzifungua. Ndani ya kitako iko resori nyingine, ya komeo. Bunduki iliyonyeshewa, maji yanashuka mpaka kule na kutu inaila kimya kimya. Komeo likirudi polepole, tazama kule kabla ya kulaumu kartushi.

Ukirudisha vyote, kaza kofia ya mbele kwa nguvu ya mkono mpaka isisogee, maana kofia iliyolegea inapasua ubao hata kama pete iko mahali pake. Kisha nenda mahali pasipo watu, mbele yako pawe na kilima. Tia kartushi 1 tu, piga. Okota ganda, tazama kitako chake. Tia 1 tena. Ganda lianguke hatua chache upande wa kuume. Likikwama mlangoni, breki ni kali au kartushi ni nyepesi. Likiruka mbali sana, nawe ukasikia chuma kinagonga chuma, fungua tena utazame pete. Usitie kartushi 2 mpaka ile 1 imefanya vizuri mara tatu.