Faili Ipo, Njia Ndiyo Imepotea

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa kwa vijana wanaojifunza kuandika programu za kompyuta, pamoja na wazazi na wakufunzi wao. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Kuna kisa kinachojirudia madarasani. Mkufunzi anagawa mfano mfupi wa programu ya Python, mistari 10 hivi, unaosoma orodha ya wadi na kuhesabu visima vya maji. Kwenye kompyuta yake unafanya kazi bila tatizo. Kijana anauchukua kwa flashi na kuufungua nyumbani kwenye laptopu ya mtumba iliyowekwa Ubuntu. Jibu analopata ni kwamba faili haipo. Faili anaiona kwa macho yake, imo kwenye flashi. Anajaribu mara tatu, anafunga laptopu, na wiki inayofuata haonekani darasani. Ameshajiambia kwamba kazi hii ni ya watu wenye akili kumzidi.

Kijana huyo hajakosea popote. Kosa limo kwenye mstari mmoja wa mkufunzi, ule unaotaja njia ya faili:

r"C:\kazi\takwimu\wadi.csv"

Njia ya faili ni maelekezo ya kufika mahali. Mgeni akiambiwa ashuke stegi, apite kwa kinyozi, kisha aingie geti la buluu, atafika ikiwa tu ameshuka kwenye mji uleule. Herufi C na nukta mbili zinazoifuata ni jina la diski katika mfumo wa Windows. Linux haina diski C. Faili zote huanzia kwenye mzizi mmoja unaoandikwa kwa mshazari, yaani alama hii: /. Kompyuta za Apple nazo hufuata mtindo huohuo. Kwa hiyo Ubuntu ikipewa mstari ule haioni folda mbili na faili moja. Inaona jina moja refu la ajabu, na kweli hakuna faili yenye jina hilo.

Tofauti hii ya alama ina historia. Mfumo wa Unix, ulioanza kutengenezwa mwaka wa 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, ulitenganisha folda kwa mshazari wa kawaida. MS-DOS ilipotoka mwaka wa 1981 haikuwa na folda ndani ya folda, na mshazari ulikuwa umeshapewa kazi nyingine, ya kutanguliza maagizo ya ziada katika amri. Folda zilipoongezwa mwaka wa 1983, alama hiyo haikuwa huru tena, ndipo ukachukuliwa mshazari uliogeuzwa: \. Windows ikaurithi.

Mshazari uliogeuzwa una hila nyingine. Katika Python na lugha nyingi za programu, ukifuatwa na n humaanisha mstari mpya, na ukifuatwa na t humaanisha nafasi ya kichupo. Herufi r iliyo mwanzoni mwa mstari wa mkufunzi imewekwa kuzuia hilo. Akiisahau, neno \takwimu linapoteza t yake na hata Windows yenyewe haitaipata faili. Wakufunzi wengi huandika herufi hiyo bila kuwaeleza wanafunzi inafanya nini, na hapo wanawanyima somo zuri.

Tiba si ngumu. Mfano wa kugawiwa watu usitaje diski ya mtu yeyote. Faili ya takwimu iwekwe karibu na programu, na njia ianzie hapo: "takwimu/wadi.csv". Mshazari wa kawaida hukubaliwa na Python hata ndani ya Windows. Bado kuna mtego mmoja. Njia fupi kama hiyo huhesabiwa kuanzia folda ambamo amri imetolewa, wala si folda ambamo programu imehifadhiwa. Kijana akiiendesha kutoka folda nyingine, kosa lilelile linarudi. Njia ya uhakika ni kuiambia programu ianzie mahali ilipo yenyewe:

from pathlib import Path
faili = Path(__file__).parent / "takwimu" / "wadi.csv"

Zana hii ya pathlib imo ndani ya Python tangu toleo la 3.4 la mwaka wa 2014. Haihitaji bando kuipakua, na huchagua yenyewe mshazari unaofaa. Wanaotumia Java au Node wana zana zao za kazi hiyo.

Majina ya faili nayo yaangaliwe. Kwa Windows, Wadi.csv na wadi.csv kwa kawaida ni kitu kimoja. Kwa Linux ni faili mbili tofauti. Ndiyo maana picha huonekana vizuri kwenye laptopu ya mtengenezaji wa tovuti kisha ikatoweka tovuti ikipandishwa, kwa kuwa seva nyingi hutumia Linux. Nukta mbili pia huzuiwa katika majina ya Windows, hivyo ripoti iliyopewa jina lenye saa 10:30 haitahifadhiwa huko. Ajabu zaidi, Windows kwa miaka mingi imekataa faili kuitwa con au aux, majina yaliyotengewa vifaa tangu enzi za DOS. Herufi ndogo bila nafasi katikati hazimsumbui mtu.

Kabla ya kugawa mfano, mkufunzi aunakili kwenye folda tofauti, ikiwezekana kwenye kompyuta ya mfumo mwingine, kisha auendeshe. Kompyuta ya pili ikikosekana, simu ya Android iliyowekwa Python yatosha kwa jaribio hilo, kwa sababu kiini cha Android ni Linux na haina diski C.