Tuulize udongo kabla ya kugombania maji



Katika bonde la Ruzizi, kiangazi kikifika, ugomvi wa maji unafika nacho. Mwenye shamba kichwani mwa mfereji anaacha maji mchana na usiku, akiogopa kwamba akifunga hatayapata tena. Aliye mwishoni anabaki na vumbi. Mara nyingi huyo ni mkimbizi aliyekodi kashamba ili watoto wale.

Kuna vyombo vinavyopima maji ndani ya udongo. Kipimo kinazikwa karibu na mizizi, kinaonyesha kama mmea unavuta maji kwa urahisi ao kwa shida. Penye pampu na mipira ya matone, kinaunganishwa na mashine: udongo ukikauka, robine inajifungua, ukishiba, inajifunga.

Kule Kiwere, mkoa wa Iringa, Tanzania, katika mradi ulioanza mwaka 2013, wakulima walipewa kipimo kiitwacho Chameleon. Hicho hakifungui maji, kinawasha taa tu: buluu, udongo umelowa, kijani, unyevu unatosha, nyekundu, umekauka. Wakaona kwamba walikuwa wanamwagilia mara nyingi kupita lazima, na maji ya ziada yanashusha mbolea chini ya mizizi. Wakapunguza kumwagilia. Mavuno yakaongezeka, maji yakawafikia wa mwishoni, ugomvi ukapungua.

Kwetu mifereji mingi ni ya udongo, inafunguliwa kwa jembe. Robine ya kujifungua inadai pampu, umeme na mlinzi. Tena, ikiwa mikononi mwa upande mmoja tu, italeta chuki mpya. Mashine inajua udongo umekauka. Haijui zamu ni ya nani. Hilo ni letu kupatana.

Kwa hiyo tuanze na yasiyodai pesa:

1. Kabla ya kufungua maji, chimbeni shibiri moja na nusu karibu na mmea, mfinye udongo mkononi. Ukishikana kama donge, ngojeni. Ukivunjika-vunjika, mwagilieni. Udongo wa mchanga haushikani vizuri. Huo angalieni kama unaacha unyevu mkononi. Hii ni kwa mahindi, maharagwe, nyanya na vitunguu. Mpunga unasimama ndani ya maji, una utaratibu wake.

2. Wa kichwani na wa mwishoni wapime pamoja, kila mmoja aone shamba la mwenzake.

3. Zamu ziandikwe, zisomwe mbele ya wote.

Wakuu wetu, ombi langu kwenu ni moja: kabla ya kiangazi kuanza, wekeni waliohamishwa ndani ya komite ya mfereji, mama na baba, wenye haki ya kusema na kupiga kura. Vipimo vikija kesho, vitakuta watu waliokwisha kupatana.