Nani Ashike Daftari la Mji? Ugatuzi na Asasi za Kiraia Nchini Tunisia



Mageuzi ya nchi za Kiarabu tumezoea kuyasimulia kwa majina ya marais: nani kaanguka, nani kashika. Jioni hii naomba tushuke hadi ofisi za manispaa, tena katika nchi moja tu. Nimeichagua Tunisia kwa kuwa ilithubutu kugawa madaraka kwa katiba, kisha ikayarudisha makao makuu sisi sote tukitazama.

Tarehe 17 Desemba 2010, katika mji wa Sidi Bouzid, maofisa wa manispaa walimnyang'anya mizani Mohamed Bouazizi, kijana aliyeuza matunda kwa mkokoteni. Alikwenda kulalamika katika ofisi ya mkuu wa mkoa, hakusikilizwa, akajichoma moto nje ya ofisi hiyo, kitendo kilichowasha mapinduzi. Mkuu wa mkoa aliteuliwa kutoka Tunis na aliwajibika Tunis. Mabaraza ya manispaa yalikuwepo, lakini yalikuwa mikononi mwa chama tawala. Riziki ya mchuuzi ilitegemea ofisi ambayo yeye na jirani zake hawakuwa na namna ya kuihoji.

Miaka miwili kabla yake, mwaka 2008, Redeyef na miji mingine ya machimbo ya fosfeti mkoani Gafsa iliwaka. Kampuni ya serikali ilitangaza matokeo ya ajira, wakazi wakaona kazi zimegawanywa kwa kujuana, na maandamano yakadumu kwa takriban miezi sita. Utajiri ulichimbwa bara, ukasafirishwa kupitia pwani. Waliobaki na vumbi la machimbo hawakupata kazi. Pengo hili kati ya pwani ya Tunis, Sousse na Sfax na mikoa ya bara kama Kasserine ndilo msingi wa hoja yangu. Anayedhani siasa za Tunisia zinaweza kurekebishwa kwanza, uchumi ukafuata baadaye, hajaitazama Redeyef.

Sifa ya asasi za kiraia za nchi hiyo mnaijua. Mwaka 2013, baada ya wanasiasa wa upinzani Chokri Belaid na Mohamed Brahmi kuuawa na bunge kukwama, taasisi nne ziliwakalisha wanasiasa meza moja: shirikisho la wafanyakazi UGTT, umoja wa waajiri UTICA, Ligi ya Haki za Binadamu na Chama cha Mawakili. Zilitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2015. Nazistahi sana. Hata hivyo, ile ilikuwa kazi ya kuokoa mji mkuu, na wengi wetu tuliishia kuzipongeza kwa hilo.

Katiba ya Januari 2014 ilitenga sura nzima, ya 7, yenye ibara 12, kwa serikali za mitaa. Uchaguzi wa manispaa 350 ulifanyika tarehe 6 Mei 2018. Wagombea huru walipata viti vingi kuliko chama chochote, wanawake wakawa karibu nusu ya madiwani, na Souad Abderrahim akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya wa Tunis. Ni mafanikio makubwa, lakini tazameni ratiba. Bunge lilipitisha sheria ya serikali za mitaa siku 10 tu kabla ya kura, na rais akaitia saini baada ya kura. Wagombea waliomba ridhaa ya wananchi kabla ya kujua kwa hakika wangekuwa na uwezo gani. Walipoingia ofisini wakakuta manispaa zote kwa pamoja zina takriban asilimia 4 tu ya matumizi ya serikali. Taka hazikuzolewa, na lawama zikamwangukia diwani.

Hapa ndipo asasi zilipohitajika zaidi. Zipo zilizojitahidi: Al Bawsala, iliyoanzishwa mwaka 2012 kufuatilia bunge, ilipanua macho yake hadi kwenye manispaa. Lakini kwa maoni yangu, nguvu kubwa ya asasi ilibaki Tunis, karibu na wizara na wafadhili, wakati bajeti za miji ya bara zilisomwa mbele ya viti vitupu.

Jemna ilionyesha njia nyingine. Oasisi hii ya mkoa wa Kebili ilikuwa na shamba la mitende lililotwaliwa na mkoloni, likarithiwa na serikali, kisha likakodishwa kwa wawekezaji binafsi kwa kodi ndogo. Januari 2011 wakazi walilikalia, wakaunda jumuiya yao, wakauza tende kwa mnada. Mapato yalijenga madarasa na soko, yakanunua gari la wagonjwa. Mwaka 2016 serikali iliyochaguliwa kidemokrasia ilijaribu kuzuia mnada na kufunga akaunti za jumuiya. Wakazi walipiga mnada hivyo hivyo. Sheria ya ardhi ilikuwa upande wa serikali, sikatai. Ila dola iliyokuwa na sura ya 7 katika katiba ilipaswa kuiona Jemna kama mwalimu, ikatafuta namna ya kuihalalisha.

Julai 2021 Rais Kais Saied alisimamisha bunge. Katiba yake ya 2022 iliibakizia mitaa ibara moja. Machi 2023 mabaraza yote ya manispaa yalivunjwa, na upinzani wa mitaani haukuonekana. Wananchi hawakuwa wamewahi kuyaona yakishika fedha ya kubadili maisha yao, kwa hiyo hawakuona walichonyang'anywa. Mnamo Desemba 2023 yalichaguliwa mabaraza mapya ya mitaa. Waliojitokeza hawakufika asilimia 12, na mamlaka ya mabaraza hayo yalikuwa bado hayajafafanuliwa siku ya kura. Ni kosa lile lile la 2018. Tofauti ni kwamba safari hii asasi ambazo zingelikemea zilikuwa zikibanwa, na kufikia Mei 2024 viongozi kadhaa wa asasi zinazosaidia wahamiaji walikuwa wamekamatwa.