Nauli Iliyozaa Majina

Misimu, yaani maneno na semi zisizo sanifu ambazo kundi fulani la watu huzizusha katika mazungumzo yake, na ambazo baadaye ama huenea ama husahaulika, mara nyingi huhukumiwa kuwa uchafuzi wa lugha unaoletwa na vijana wasioijua vizuri. Hukumu hiyo haina haki, kwa kuwa asili ya misimu mingi ni kazi, uhitaji na historia ya watu waliokuwa na jambo jipya la kulitaja.

Mfano ulio wazi ni daladala. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, shirika la umma la usafiri jijini Dar es Salaam, UDA, lilipozidiwa na wingi wa abiria, magari ya watu binafsi yalijaza pengo hilo, na mwaka 1983 serikali ikayaruhusu rasmi. Nauli ilikuwa shilingi 5, na kwa kuwa sarafu ya thamani hiyo iliitwa dala, kutokana na dola, mwito wa makondakta waliorudiarudia nauli hiyo ukageuka kuwa jina la gari lenyewe. Jijini Nairobi, matatu nayo ilipata jina kutokana na nauli ya zamani ya senti 30, yaani sarafu tatu za senti 10. Majina yote mawili hayakutungwa na kamati yoyote ya istilahi. Yalitungwa na waliopokea nauli pamoja na walioilipa.

Leo dala haipo tena mifukoni, lakini daladala limeingia kamusini na katika nyaraka za serikali. Msimbazi, jina la noti nyekundu ya shilingi 10,000 linalotokana na klabu ya Simba yenye jezi nyekundu na makao yake Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, bado ni neno la mitaani, na huenda likafa noti hiyo ikibadilishwa rangi.

Ni kweli kwamba mwanafunzi anayeandika buku badala ya shilingi 1,000 katika insha rasmi hukosea, lakini kosa lake ni la rejesta, yaani kutolinganisha lugha na mahali inapotumika, na hilo hurekebishwa kwa kufundishwa, si kwa kudharauliwa. Walimu, wanahabari na wanafunzi wa isimu hawana budi kuiandika misimu ya maeneo yao, pamoja na mahali na mwaka iliposikika, mapema, wakati walioizusha wangali hai.