Maktaba Huanza kwa Amana



Shukrani zote anastahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Kila inapotajwa maktaba ya mtaa, swali la kwanza huwa ni fedha za kujengea zitatoka wapi. Leo tunapenda kuwasimulia habari za watu walioanzisha maktaba bila ya fedha, tena wakiwa ndani ya mzingiro wa vita.

Mji wa Daraya uko jirani na Damascus, nchini Syria. Mwishoni mwa mwaka 2012 majeshi ya serikali ya Bashar al-Assad, iliyoanguka Disemba 2024, yaliuzingira mji huo. Chakula na dawa vikazuiwa, mabomu yakabomoa majumba, na wakazi walio wengi wakahama. Mwaka 2013 vijana waliobakia walianza kufukua vitabu kutoka katika vifusi. Walikusanya vipatavyo 14,000, wakavipanga katika chumba kilichokuwa chini ya ardhi. Waliokwenda kusoma humo walikuwamo walimu, wapiganaji, na wauguzi wa kujitolea waliojifunza tiba kutokana na vitabu hivyo.

Hapa pana suala la kisheria. Si halali kuchukua mali ya mtu asiyekuwapo bila ya idhini yake. Vijana wale walilitambua hilo, kwa hiyo waliandika ndani ya vitabu majina ya wenyewe, ili vita vikiisha virudishwe kwao. Walijihesabu kuwa ni walinzi wa mali ya jirani.

Agosti 2016 watu wa Daraya walihamishwa, na maktaba ikaachwa nyuma. Vitabu vikaporwa, vikauzwa kwa bei duni masokoni mjini Damascus. Huenda mtu akasema kazi yao imepotea bure. Sisi tunasema: elimu waliyoisoma haikuporwa, na aliyeuza kitabu chenye jina la mwenyewe ndani yake ameuza ushahidi dhidi ya nafsi yake.

Ndugu zetu, vitabu vimo majumbani mwetu: vya marehemu wazee wetu vinavyoliwa na mchwa, ambavyo warithi wakiridhia vinaweza kuwa sadaka yenye kuendelea, na vya kuazima, ambavyo wenyewe wamekwisha kuvikatia tamaa. Amri ya kwanza kumshukia Mtume wetu ilikuwa ni ya kusoma, na tumeamrishwa pia kurudisha amana. Basi tuanze na kabati moja, daftari moja la majina ya wenye vitabu na ya waazimaji, na mtu mwaminifu wa kulitunza, awe mwanamume au mwanamke. Jengo litakuja, inshaallah. Ama ikiwa kitabu kimoja cha jirani hatukirudishi, ghorofa tatu za vitabu zitatufaa nini?

Wabillahi tawfiq.