Nikaha ng'ambo: cheti kiko wapi?



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazee wetu mlioketi huko nyuma, leo tuzungumze makaratasi ya ndoa. Najua wengine washaanza kupiga miayo. Lakini mabinti zetu waposwa na vijana walioko Uingereza, na vijana wetu nao waoa huko huko. Posa yaja, mahari yatajwa, tikiti yakatwa. Cheti hakuna anayekiuliza.

Sikilizeni kisa hiki cha kweli. Mwaka 1998, jijini London, Waislamu wawili walifungishwa nikaha mkahawani. Imamu alikuwepo, walii alikuwepo, mashahidi na mahari pia. Mke alitaka waende wakaandikishe serikalini, haikufanyika. Wakakaa takriban miaka 18, wakapata watoto wanne. Mwaka 2016 mke akaenda mahakamani kuomba talaka. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufaa, nayo mwaka 2020 ikasema kwamba kwa sheria ya kule hapakuwa na ndoa. Si kwamba imevunjika, la! Haikuwahi kuwepo.

Mbele ya Allah yule ni mke. Mbele ya jaji ni mwanamke aliyekaa na mwanamume tu. Mume wa namna hiyo akifa bila wasia, mke hahesabiwi mrithi kule. Mwaona ilivyo?

Sasa, iliyo nyepesi ni kufunga nikaha hapa nyumbani, ndoa iandikishwe kwa kadhi au naibu wake, mchukue cheti. Sheria yetu ya Ndoa ya 2014 yataka kila ndoa iandikishwe, ya Kiislamu ikiwemo. Ndoa iliyo halali hapa kwa kawaida hutambuliwa kule pia. Viza ni ombi lake mbali, msichanganye.

Mkitaka kuoana kule kule, yaani England au Wales, nikaha na iwepo, lakini pia muende kwa msajili. Atataka pasi, viza ya kuja kuoana (ile ya utalii haitoshi), uthibitisho wa anwani, na kama uliwahi kuoa au kuolewa, cheti cha talaka au cha kifo. Notisi hukaa siku 28, na akiwemo mgeni yaweza kufika 70. Waliokata tikiti ya wiki mbili, poleni.

Wazazi, mkija kuposewa, mwauliza dini, mwauliza kabila, mwauliza kazi. Ulizeni na hili: wataandikishwa wapi, lini? Si kumtilia mtu shaka. Katika Suratul Baqarah, aya ya 282, tumeamrishwa kuandikiana deni, seuze ndoa! Na kijana akikasirika kwa swali hilo, mimi ningemuuliza mara ya pili.

Cheti chenyewe akae nacho binti, nakala abaki nayo mama. Maswali tutayachukua baada ya tarawehe, inshaAllah.